Simu ya zamani inatosha: jinsi ninavyofika kwenye visima bila bando

Kazi yangu ni kufunga na kukarabati pampu za maji za sola, na visima vingi ninavyoitwa viko kule ambako mtandao wa simu ni wa kubahatisha: Chemba, Kiteto, pembezoni mwa Kondoa. Watu wakiona simu niliyoifunga kwenye usukani wa pikipiki huuliza mashine hiyo ya GPS niliagiza wapi, na kwa shilingi ngapi. Ni simu ya kawaida, iliyotumika, kioo kina ufa na laini haina. Kifaa ndicho sehemu rahisi ya shughuli hii. Kinachomchelewesha mtu porini ni maandalizi ya jana yake, na zaidi ya hapo ni namba za mahali alizopewa, kwa hiyo huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kwanza tuondoe hofu ya bando. Simu haiongei na setelaiti, inazisikiliza tu kama redio. Setelaiti za GPS za Marekani zinazunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa yake na mahali ilipo. Simu ikizinasa angalau nne, inapiga hesabu yenyewe na kujua ulipo. Hakuna anayelipia kusikiliza. Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, kiasi kwamba mtu angeweza kuoneshwa mita 100 mbali na aliposimama. Siku hizi hilo halipo. Tena simu nyingi za sasa zinasikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, ndiyo maana hata simu ya bei ya chini, ikiwa chini ya anga wazi, hukosea mita 5 hivi tu.

Bando lina kazi mbili. Ya kwanza ni kupakua ramani, na hiyo unaimaliza mjini kwenye waifai. Ya pili ni kuiwahisha simu izipate setelaiti. Bila intaneti simu inalazimika kungoja kila setelaiti iitajie njia yake angani, tangazo linalochukua sekunde 30, na ukipita chini ya miti likakatika, simu inangoja tangazo lijirudie. Ikiwa na intaneti inazipata taarifa hizo papo hapo, na zinadumu saa kadhaa. Kwa hiyo asubuhi nikiwa bado gesti naiunganisha na hotspoti ya simu yangu nyingine, nawasha lokesheni, natoka uani na kuiacha dakika chache. Uani, si chumbani, kwa sababu bati linaziba. Aliyesahau hatua hii asikate tamaa: asimame penye uwazi, asitembee, aipe simu muda wake.

Sasa simu yenyewe. Ukienda dukani kwa wauza simu zilizotumika, usidanganywe na kamera wala ukubwa wa kioo. Weka programu ya bure inayoitwa GPSTest, toka nje ya duka na muuzaji akiwa pembeni, usubiri. Itakuonesha setelaiti moja moja na nguvu ya mawimbi ya kila moja. Nikiona nyingi zimevuka 30 na usahihi umeshuka hadi mita chache, simu hiyo naichukua hata kama imechubuka. Dakika kumi zikipita penye anga wazi na haijapata kitu, mrudishie mwenyewe kwa heshima. Angalia pia kama ina dira. Simu nyingi za bei rahisi hazina, na hiyo maana yake mshale wa kwenye ramani haugeuki mpaka uwe kwenye mwendo. Kwenye pikipiki hutaona tofauti, lakini ukishuka kutafuta kisima kwa miguu katikati ya vichaka utaisikia. Tableti zisizo na sehemu ya laini uziogope kabisa, maana nyingi hazina GPS ndani, na iPad za waifai pekee ni mojawapo. Betri lililovimba, acha.

Kuna anayeniuliza kwa nini nisitumie simu yangu nzuri. Mtikisiko wa injini ya pikipiki unaweza kuharibu kamera. Apple wenyewe walitoa onyo hilo mwaka 2021 kuhusu iPhone. Vumbi nalo halichagui. Simu ya zamani ikifa, mawasiliano yangu na pesa zangu viko salama mfukoni kwenye simu nyingine.

Mashine maalumu za GPS kama eTrex za Garmin ni nzuri, sitazisema vibaya. Zinastahimili maji, na kuna za kutumia betri za kawaida unazozipata duka lolote la kijijini. Mpanda milima au mtafiti anayelala msituni wiki nzima anunue. Fundi anayerudi gesti jioni hana haja ya kutoa laki kadhaa.

Kwa ramani natumia programu mbili, zote zikitegemea OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Organic Maps ni nyepesi, haina matangazo, na mtu asiyependa mambo mengi ataielewa siku hiyo hiyo. OsmAnd ni nzito na ina menyu za kukuchosha, ila ndiyo ninayofanyia kazi, kwa sababu inarekodi njia niliyopita na inapokea namba za mahali kwa mitindo mingi, jambo nitakalolieleza hapa chini. Ramani za nchi nzima ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo weka memori kadi. Ramani za Google nazo zinapakuliwa, lakini zina muda wa kuisha usipozihuisha, na bila mtandao zinakuongoza kwa gari tu, kwa miguu hapana.

Usiiamini ramani kama msahafu. Sehemu kubwa ya vijijini imechorwa na watu walioketi mbali wakifuatisha picha za angani, na njia ya ng'ombe ukiitazama kutoka juu haina tofauti na barabara ya gari. Programu pia haijui mbuga. Nasema ule udongo mweusi: kiangazi unapita kwa mwendo mzuri, masika unasukuma pikipiki huku matope yamejaa kwenye madigadi. Ikikwambia dakika 40 mwezi Machi, mpigie kwanza mtendaji wa kijiji au bodaboda wa huko umuulize njia inapitika. Bodaboda anajua korongo lipi limejaa jana usiku, na hakuna setelaiti itakayokwambia hilo.

Tuje kwenye namba. Ukimwambia mtu "nitumie lokesheni" kwenye WhatsApp, mwambie mambo mawili: awe amesimama penye kisima chenyewe, si nyumbani kwake, na achague mahali alipo sasa hivi, si jina lolote linalojitokeza kwenye orodha. Kabla hajatuma, asome usahihi ulioandikwa pale. Ukiwa ni mita 500, simu yake imekadiria kwa mnara tu. Asubiri nje mpaka ushuke.

Asiye na data anaweza kukusomea namba za mahali alipo kwa sauti, na hapo ndipo vituko vinapoanza. Dodoma mjini ni takriban -6.17, 35.74. Ile alama ya kutoa inasema uko kusini mwa ikweta. Iache, na simu itakupeleka kusini magharibi mwa Ethiopia. Geuza mpangilio, uanze na 35.74, na utajikuta baharini karibu na Tangier, Morocco. Tanzania nzima namba ya kwanza ina alama ya kutoa. Kenya inategemea: Nairobi inayo, Eldoret haina. Kampala haina. Tarakimu nne baada ya nukta zinakufikisha ndani ya mita 11 hivi, zinatosha kwa kisima. Akikupa mbili tu, umebaki na kilomita nzima ya kuhangaika.

Halafu kuna wanaoandika namba hizo kwa nyuzi (digrii) na dakika. Nyuzi 6 na dakika 10 si 6.10, kwa sababu dakika ziko 60 kwenye nyuzi moja. Ni 6.1667. Ukiandika 6.10 umepotea kwa kilomita 7 na ushee, na kwenye nyika ya Kiteto umbali huo ni kijiji kingine kabisa.

Gumu kuliko yote ni ripoti za zamani za uchimbaji visima. Humo utakuta namba mbili ndefu, moja ya tarakimu sita na nyingine ya tarakimu saba inayoanza na 9. Huo ni mtindo wa UTM, na hizo ni mita. Unahitaji kujua kanda, yaani kipande cha dunia ambamo mita hizo zimehesabiwa: Tanzania ya kati imegawanywa na mstari wa nyuzi 36 mashariki, unaopita mashariki kidogo ya jiji la Dodoma. Magharibi yake ni kanda ya 36 kusini, mashariki ni ya 37 kusini. Kondoa mjini iko ya 36, Kibaya iko ya 37. Namba zile zile ukiziingiza kwenye kanda isiyo yake, zinakurusha mamia ya kilomita. Na hata ukipata kanda sahihi, tafuta kwenye ripoti maneno Arc 1960. Huo ndio mfumo wa ramani za zamani za upimaji Afrika Mashariki, wakati simu inatumia WGS 84, na kati ya mifumo hiyo miwili kuna tofauti ya mita 300 hivi. Wapo wanaofika, wanakuta kichaka, na kusema kisima kimefukiwa, kumbe kiko ng'ambo ya shamba la mtama. Ukiona Arc 1960, badilisha namba kwanza kwenye kompyuta kwa programu ya ramani kama QGIS, ambayo ni ya bure, ndipo uziingize kwenye simu.

Njiani, mipangilio michache. Weka simu kwenye hali ya ndegeni. GPS inaendelea kufanya kazi na betri linapumua. Punguza kuwasha kioo, ndicho kinachokula chaji zaidi. Ingia kwenye mipangilio ya betri uiruhusu OsmAnd ifanye kazi bila kuzuiwa, la sivyo simu nyingi za siku hizi huizima kimyakimya ukizima kioo na rekodi ya njia inakatika. Juani simu inachemka, kwa hiyo ukisimama ifunike.

Kila kisima ninachofika nakihifadhi mwenyewe, hata kama nilishatumiwa lokesheni, kwa sababu nukta niliyoichukua nikiwa nimesimama juu ya mfuniko ndiyo ninayoiamini. Jina naandika kijiji, kitongoji, mwaka wa kufunga pampu na ukubwa wake, kisha kwenye maelezo naongeza jina la mahali kama wenyeji wanavyolitamka, kwa kuwa mara nyingi si lile lililo kwenye ramani. Wenyeji watakwambia "ukifika mbuyu uliopasuka, kata kushoto", na mbuyu huo nao naupa nukta yake. Mwisho wa safari nazitoa zote kwenye faili moja la GPX, aina ya faili la kuhifadhia nukta na njia, na kujitumia kwa barua pepe. Simu ikidondoka korongoni, nanunua nyingine iliyotumika, naweka OsmAnd, nafungua faili, na visima vyote vinarudi.