Mtoto si mkalimani wa wazazi

Kama unalea watoto mbali na kwenu, ombi langu la kwanza ni hili: usimfanye mtoto mkalimani wako kwenye mambo mazito. Wazazi wangu ni Wakorea, mimi nimekulia Dar es Salaam, na kabla sijamaliza shule ya msingi nilishazoea kukaa katikati ya baba na mwenye nyumba nikitafsiri habari za kodi. Mwenye nyumba akifoka, nalainisha. Baba akijibu kwa hasira, nalainisha tena. Kesho yake darasani nawaza kama tutafukuzwa. Mtoto wa umri ule hapaswi kubeba deni la nyumbani kwao. Tafuta mtu mzima, jirani au mwenzako wa kazini, mpe hata nauli, akusaidie. Mtoto mwachie ya sokoni. Bei ya nyanya haimnyimi mtu usingizi.

Lakini lugha ya nyumbani msiiache. Mama alishikilia Kikorea ndani ya nyumba hata tulipomjibu kwa Kiswahili, na leo namshukuru sana. Hangul, maandishi yaliyotangazwa na mfalme Sejong mwaka 1446, yana herufi 24 za msingi, na mtoto huyashika upesi. Nilipoyajua, bibi yangu wa Busan akawa ananiandikia mimi mwenyewe, na mambo yetu tukayamaliza wawili.

Kilichonichosha zaidi ni suala la umri. Watu huniambia Wakorea na Waswahili wote wanaheshimu wakubwa, kwa hiyo nilipata wepesi. Haikuwa hivyo. Mtaani kwetu aliyenizidi darasa moja ni wa "mambo", "poa". Shikamoo ni ya waliokuzidi hasa. Kwa Wakorea mwaka mmoja tu unabadilisha namna ya kusema, hadi mwisho wa kitenzi. Mbele ya vijana wa Kikorea nilionekana sina adabu, na mtaani nikiinama kusalimia nilionekana najidhalilisha. Wewe kijana uliye katika hali hii, jifunze desturi za kila upande kikamilifu, kila moja na mahali pake. Na wewe mzazi, usimgombeze mtoto mbele ya wageni kwa jambo ambalo hukuwahi kumweleza. Kaa naye kabla wageni hawajafika.

Kuna mahali pande mbili zinakutana zenyewe, na hapo waacheni watu. Mdogo wangu alipozaliwa, bibi alikuja kumhudumia mama, akawa anampikia miyeokguk, supu ya mwani ambayo Wakorea humpa mzazi arudishe nguvu. Jirani yetu Mchaga akaingia na sufuria ya mtori, ndizi na nyama zimepondwa laini kabisa, akishangaa mzazi analishwaje majani ya baharini. Bibi hakuambulia hata neno. Alionja mtori, akamjazia mama bakuli, kisha akamchotea jirani supu yake. Hakuna aliyeniita kutafsiri, na wale wawili walibaki marafiki muda wote bibi aliokaa kwetu.

Mtaani mtoto ataitwa Mchina. Mfundishe kujibu kwa salamu na jina lake. Wengi hubadilika papo hapo. Wasiobadilika, apite zake.

Kwa wenye watoto wa kiume, zungumzeni kuhusu jeshi mapema. Mwanamume raia wa Korea Kusini ana wajibu wa kutumikia jeshi, na katika jeshi la nchi kavu ni miezi 18. Aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili, kwa kawaida mwisho wa kuukana ule wa Korea ni Machi 31 ya mwaka anaotimiza miaka 18. Mdogo wangu aliyasikia haya kwa baba akiwa bado sekondari, akapata muda wa kuuliza na kukasirika kabla ya kuamua. Nendeni ubalozini pamoja naye, na maswali ayaulize yeye.