Maswali ya wasomaji: wino ukilingana, kalamu ni ileile?

Safari hii karibu maswali yote yamekuja kwenye jambo moja, uchunguzi wa ushahidi wa jinai kama zoezi la shuleni. Walimu wameuliza, wanafunzi wameuliza, na kuna mzazi mmoja kauliza swali zito kweli. Nimejibu haya matano, mengine yanafanana nayo.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nataka wanafunzi wachunguze tukio la kubuni kwa kutumia fizikia, kemia na baiolojia kwa pamoja, ila wenzangu wanasema huo ni mchezo wa kuigiza tu na utakula vipindi. Nianzie wapi? – Mwalimu wa sekondari

Pole na kazi mwalimu. Waambie wenzako kwamba ushahidi wenyewe haujui ratiba ya masomo. Kipande kimoja cha kioo kilichookotwa sakafuni kina densiti yake, yaani uzito kwa ujazo, na kina namna yake ya kupinda mwanga, hapo uko kwenye fizikia, alafu kina unga umekishika pembeni, hiyo ni kemia tayari, na huenda mtu alikishika kikabaki na alama ya kidole au tone la damu, umeshaingia kwenye baiolojia na hujakiweka chini bado. Edmond Locard, yule Mfaransa aliyefungua maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, alisimamia wazo moja ambalo mpaka leo ndo msingi wa kazi yote hii, kwamba vitu viwili vikigusana kila kimoja kinamwachia mwenzake kitu. Wape wanafunzi hilo wazo siku ya kwanza, wataanza kuangalia soli za viatu vyao wenyewe bila kuambiwa.

Tunga tukio dogo. Kombe limepotea ofisini, kioo kimevunjika, kuna karatasi yenye ujumbe na kuna unga mweupe chini. Washukiwa wawe watatu au wanne, wote wa kubuni kabisa, usimtumie mwanafunzi halisi hata kama yeye mwenyewe anacheka na kukubali, maana jina la mwizi likishamkaa mtu darasani linachukua muda kutoka.

Huo unga mweupe mimi naupenda kuliko vyote kwa sababu unafundisha mengi kwa vifaa vichache. Andaa chumvi, wanga, sukari na bikaboneti ya sodiamu (baking soda). Ukidondoshea siki, bikaboneti inatoa povu. Ukidondoshea iodini, wanga unageuka bluu iliyokolea karibu na nyeusi. Sasa mwanafunzi mwenye haraka atachoma sampuli kwenye moto, aone rangi ya njano kali, aseme hii chumvi, kumbe njano ile inaletwa na sodiamu na bikaboneti nayo ina sodiamu, kwa hiyo moto peke yake hauwezi kuvitenganisha hivyo viwili, itabidi arudi kwenye siki. Hapo ndo anaelewa kwa nini kipimo kimoja hakitoshi, na kaelewa kwa mikono yake. Ila sheria iwe moja, hakuna kuonja, hata kama wewe unajua ni sukari.

Alafu kuna kosa ambalo karibu mazoezi yote ya namna hii yanalo, kila ushahidi unamwelekea mtu mmoja. Usifanye hivo. Weka washukiwa wawili wenye unga uleule kwenye viatu. Weka alama ya kidole isiyo ya mshukiwa yeyote. Kazi halisi iko hivo, na mwanafunzi anatakiwa azoee kuandika "hii sampuli haijatusaidia" bila kuona aibu.

Kuhusu vipindi kuliwa, kila mwalimu achukue kipande chake ndani ya mada aliyokuwa anaifundisha tayari. Wa kemia alikuwa afundishe kutenganisha michanganyiko hata hivo, wa fizikia alikuwa afundishe densiti. Kitu kipya pekee ni bahasha, yaani kila sampuli iwekwe kwenye bahasha yake, iandikwe imetoka wapi, nani kaichukua, saa ngapi, na kila anayeipokea asaini. Bahasha isiyo na sahihi inatupwa nje ya kesi. Wakitupiwa moja tu watajifunza.

Tulipewa ujumbe ulioandikwa kwa kalamu nyeusi na kalamu tatu za washukiwa. Tukafanya kromatografia ya karatasi (wino unapandishwa na maji kwenye karatasi mpaka rangi zake zinaachana), kalamu ya mshukiwa B ikatoa rangi zilezile kama za ujumbe. Tukaandika B ndiye aliyeandika. Mwalimu katukata maksi, kwa nini jamani? – Mwanafunzi wa sekondari

Nakuelewa unavyoumia maana jaribio lenyewe mmelifanya vizuri, ila mwalimu wako yuko sahihi na kitu alichowakatia ndo kitu kikubwa kuliko vyote kwenye fani hii.

Angalia mlichokiona hasa ni nini. Wino mweusi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, maji yakipanda kwenye karatasi yanazibeba, ile inayoyeyuka zaidi kwenye maji na isiyong'ang'ania sana karatasi inakwenda mbali, nyingine inabaki nyuma. Ukipima rangi imekwenda sentimita 4 na maji yamekwenda sentimita 8 unapata uwiano wa 0.5, na namba hiyo unaweza kuilinganisha na ya wino mwingine uliopanda kwenye karatasi ya aina ileile na kimiminika kilekile. Zikilingana, umejua kwamba wino huu na ule havitofautiani kwa kipimo hiki. Basi, hapo ndo mwisho wa kile ulichokijua. Kalamu za aina ile zimetengenezwa kwa maelfu na zote zina wino huohuo, kwa hiyo kalamu ya B inaweza kuwa yenyewe na inaweza kuwa nyingine kabisa, na hata ikiwa yenyewe hujui bado nani aliishika.

Lakini geuza sasa upande wa pili. Kalamu za A na C zilitoa rangi tofauti, si ndio? Hapo unaweza kusimama kwa nguvu zaidi na kusema ujumbe haukuandikwa kwa kalamu hizi mbili. Kumtoa mtu kwenye orodha ni rahisi kuliko kumtia hatiani, na wachunguzi wazuri wanaanza na kutoa. Mngeandika "wino wa ujumbe hautofautiani na wa kalamu B, na unatofautiana na wa A na C" nina hakika mngepata maksi zote.

Kwa wengine mtakaojaribu, mstari wa kuanzia uchorwe kwa penseli, sio kalamu, na maji yawe chini ya mstari. Wino wa kalamu nyingi za bolpeni haupandi na maji, tumia spiriti mbali na moto.

Mimi baiolojia sina habari nayo, napenda fizikia tu. Huku kwenye ushahidi kuna nafasi yangu kweli au ni mambo ya damu na vinasaba? – Mpenda hesabu

Iko, na ni kubwa. Chukua gari lililofunga breki likaburuza matairi mpaka likasimama. Nishati yote ya mwendo imeliwa na msuguano, kwa hiyo mwendo wa mwanzo ni kipeuo cha pili cha 2 mara namba ya msuguano (inayoonyesha barabara inavyong'ang'ania tairi) mara mchapuko wa uvutano mara urefu wa alama. Alama ikiwa mita 20, msuguano 0.7, uvutano 9.8, unapata kama mita 16.6 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 60 kwa saa. Dereva akisema alikuwa kwenye 40 una swali la kumuuliza. Ila kuwa mwangalifu na hiyo 0.7, barabara ikiwa na maji inashuka na jibu lako lote linashuka nayo, kwa hiyo toa jibu kama kati ya hapa na hapa, sio namba moja iliyosimama peke yake.

Au chukua kioo. Kioo cha kawaida cha dirisha kina densiti ya kama gramu 2.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo, kile cha vyombo vya maabara vinavyostahimili moto kiko kwenye 2.2 hivi. Ukipima kipande cha gramu 5 kwa kukizamisha kwenye silinda ya kupimia, tofauti ya maji yaliyopanda ni kama robo ya mililita, jicho halitaiona vizuri, lakini ukikusanya vipande vya gramu 25 unapata mililita 10 kwa kimoja na zaidi ya 11 kwa kingine, hiyo inaonekana. Kuna njia nyingine nzuri sana, kioo cha maabara ukikizamisha kwenye gliserini kinapotea machoni, karibu hukioni, kwa sababu vyote viwili vinapinda mwanga kwa kiwango kinachokaribiana, 1.47, wakati cha dirisha kiko karibu 1.52 na kingo zake zinaendelea kuonekana. Vipande aandae mwalimu, na glavu zivaliwe.

Na hiyo damu unayoikimbia nayo ni hesabu. Tone likianguka wima kwenye sakafu linaacha duara, likija kwa mshazari linaacha yai refu. Gawa upana kwa urefu, hiyo ndo sine ya pembe ambayo tone liligonga nayo. Upana milimita 6, urefu 12, pembe ni nyuzi 30. Fanya na maji ya rangi kwenye ubao ulioinamishwa uone kama jibu linakuja.

Kwenye video nyingi mtu ananyunyizia dawa, panang'aa, anasema hii damu. Ni kweli ni rahisi hivo? Na alama za vidole je, hizo si ndo hazikosei kabisa? – Msomaji

Hapana kwa yote mawili. Ile dawa inayong'aa ni luminoli, inasaidiwa na chuma kilichomo kwenye himoglobini ya damu, lakini inang'aa pia ikikutana na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini na baadhi ya misombo ya shaba. Kwa hiyo ni kipimo cha kukwambia panaweza kuwa na damu, chukua sampuli ukapime zaidi. Ukitaka kuliona hilo shuleni bila damu ya mtu yeyote, dondoshea haidrojeni peroksaidi hafifu kwenye kipande cha maini alafu kwenye kiazi kibichi. Vyote vitatoa povu, maana vyote vina kimeng'enya kinachoivunja peroksaidi. Anayesema povu ni damu atakamata kiazi.

Alama za vidole ni ushahidi mzuri, hilo silipingi. Lakini mwaka 2004 baada ya mabomu ya treni Madrid, wataalamu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walilinganisha alama iliyokutwa kwenye mfuko wa vifaa vya kulipulia na ya wakili mmoja wa Marekani, wakasema ni yake, akakaa kizuizini kama wiki mbili, mpaka polisi wa Hispania walipoonyesha ni ya mtu mwingine. FBI ikaomba radhi. Alama ilikuwa sahihi kabisa, waliokosea ni binadamu waliokuwa wanaisoma.

Na vinasaba, ambavyo watu wanavijua kwa kukamata, kesi ya kwanza ya jinai vilipotumika vilianza kwa kumwokoa mtu. Mwanasayansi Alec Jeffreys aligundua mbinu ya kumtambua mtu kwa vinasaba huko Leicester, Uingereza, mwaka 1984, na miaka miwili baadaye ikaonyesha kwamba kijana aliyekuwa ameshakiri mauaji hakuhusika. Alikiri, na hakuhusika! Muuaji halisi alihukumiwa mwaka 1988. Kila nikifikiria huyo kijana naona kwa nini haya mambo yafundishwe mapema.

Mwanangu kaniambia shuleni watachukuliwa alama za vidole na watapima makundi ya damu. Sijapenda. Nina haki ya kukataa au nitaonekana mshamba? – Mama wa watoto wawili

Dada yangu, hakuna ushamba hapo, umeuliza swali ambalo shule ilipaswa kukujibu kabla hujauliza. Kuhusu damu, mtoto asichomwe kabisa. Zipo damu za bandia za mazoezi zinazoonyesha makundi A, B, AB na O vilevile kama halisi, na somo linabaki lilelile. Sindano iliyotumika kwa mwingine inaambukiza magonjwa, na kuna mtoto anaweza kujua mbele ya darasa zima kwamba kundi lake haliendani na la wazazi wake, jambo la familia linageuka la darasa.

Alama za vidole hazina hatari kiafya, ila ni za mtoto maisha yake yote, huwezi kuzibadilisha kama unavyobadilisha neno la siri. Muulize mwalimu mambo haya tu: kushiriki ni hiari? Karatasi zitaandikwa jina au namba? Zikiisha kutumika zinakwenda wapi? Jibu zuri ni kwamba kila mtoto anatumia namba, hakuna anayepiga picha kwa simu, na mwisho wa kipindi kila mmoja anarudishiwa karatasi yake aichane mwenyewe. Ukipata majibu hayo mwache ashiriki, apake unga wa penseli kidoleni, abandike selotepu, aangalie kwa lenzi kama ana vitanzi, mizunguko au matao. Usipoyapata, andika barua kwamba atashiriki kwenye unga, wino na kioo pekee, na mwalimu anayejali atakuelewa.