Msimamizi huniita "habibti" mbele ya wateja

SWALI: Mimi ni karani katika ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini. Msimamizi wetu huniita "habibti" au "mpenzi" hata mbele ya madereva wa malori, ilhali makarani wa kiume huwaita kwa majina yao. Nilipomlalamikia mwenzangu, aliniuliza mbona sikereki mhasibu wetu, mama wa makamo, anaponiita "mamangu". Je, kosa ni langu?
Karani, Tudor

JIBU: Kosa si lako. Muuza mboga wa Marikiti humwita mteja asiyemjua "mamangu" au "babangu", na mtu mzima anapomwita kijana kwa jina la mzazi huwa amemtia katika ukoo, wala hapana anayesikia vingine. (Mimi mwenyewe nusura nianze jibu hili kwa "mwanangu", kisha nikakumbuka kwamba sijui umri wako.) Hata "habibti", yaani mpendwa wangu, ni neno ambalo mama wa Mji wa Kale humwitia bintiye, kwa hiyo bwana huyo akidai kuwa hana nia mbaya, huenda asemalo ni kweli. Ila wenzako wenye kazi ile ile wanaitwa majina yao, nawe unaitwa mpenzi; dereva aliyelisikia neno hilo atakapokuletea hati za kontena atakuona mtu wa msimamizi, si karani wa kuzikagua.

Mwambie faraghani, asubuhi kabla shughuli hazijapamba moto: "Bwana, naomba uniite kwa jina langu, hasa mbele ya wateja." Usicheke unaposema hivyo, maana kicheko ndicho atakachokikumbuka. Akiendelea, mwandikie, nawe uweke nakala yenye tarehe.

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinagusa pia lugha ya kingono, ya mdomo au ya maandishi, isiyopendezwa na mfanyakazi, na kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe sera kuhusu unyanyasaji wa kingono. Sisemi kwamba "habibti" pekee itamfikisha mtu mahakamani, lakini "mpenzi" linalorudiwa baada ya kukatazwa lina uzito mwingine, na ni haki yako kuuliza sera hiyo iko wapi.

Mama mhasibu mwache aendelee kukuita mamangu.