Muulize Mwalimu: "Mwanangu ameanza kuomba maji kwa vidole"

*Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana miaka minne na nusu, yuko shule ya awali ya umma. Muhula huu darasa lao limepokea watoto watatu wenye mahitaji maalumu: mmoja ana usonji, mmoja anatumia kitimwendo, na wa tatu bado hajaanza kusema. Sina ubaya nao, naomba unielewe. Lakini juzi mwanangu, ambaye siku zote anaongea kama kasuku, alinijia jikoni akajigusa kidevu kwa vidole vitatu. Nikamuuliza anataka nini. Akarudia vilevile. Kumbe anataka maji! Jirani ananiambia mtoto huiga anachokiona. Je, nimhamishe kabla hajaharibikiwa?*
*Mama Kasuku*

Marahaba, Mama Kasuku. Jirani yako amesema kweli, ila ameishia nusu. Mtoto huiga, na alichoiga mwanao ni lugha. Bila shaka mwalimu wao anatamka "maji" huku mkono ukionyesha alama yake, ili yule ambaye hajaanza kusema apate pa kuanzia. Binti yako amevidaka vyote viwili, neno na alama, akaja kukuringia.

Alama haifungi ulimi. Watoto wanaosikia, waliozaliwa na wazazi viziwi, hukua na lugha ya mikono na ya mdomo kwa pamoja, wala moja haiuzuii mlango wa nyingine. Leo akijigusa kidevu, mwambie, "Aa, unataka maji!" kisha muulize paka anaonyeshwaje, kitanda je, mvua je. Utajuta kuuliza, maana hatanyamaza mpaka usiku.

Kitu kimoja kingenitia wasiwasi: kama angepoteza maneno hata akiwa na watu anaowapenda, au akiitwa kwa nyuma hageuki. Hapo usimtazame mwenzake darasani, mpeleke akapimwe masikio. Umri huo, baada ya mafua, majimaji hubaki nyuma ya ngoma ya sikio mara nyingi, na mtoto husikia kama aliyezamisha kichwa kwenye ndoo.

Nahisi nyuma ya barua yako kuna swali hukuliandika: hawa watatu hawatamrudisha nyuma? Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifanya kazi kwanza na watoto wenye ulemavu wa akili, akitumia vifaa vya kushika na kupapasa alivyovichukua kwa daktari wa Kifaransa, Édouard Séguin, na kuviendeleza. Mwaka 1907 ndipo alipofungua nyumba ya watoto kule Roma na kuvitumia kwa watoto wasio na ulemavu. Kwa hiyo kilichobuniwa kwa ajili ya mtoto aliyeachwa nyuma ndicho leo wazazi wanachokilipia karo nono katika shule zenye jina lake. Mimi nacheka kila nikikumbuka.

Ukienda shuleni, usihesabu watoto wenye ulemavu. Hesabu watu wazima. Mwalimu mmoja peke yake na kundi kubwa, hapo nenda ukapige kelele ofisini, na uzipige kwa niaba ya wale watatu pia.

*Mwalimu, mimi ni baba wa kijana wa miaka mitano mwenye sindromu ya Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kusema na kujifunza. Shule ya awali ya umma imekubali kumpokea, ila mwalimu mkuu anataka tumlipe dada wa kukaa naye muda wote "ili asisumbue wenzake". Mke wangu anaona ni sawa. Mimi moyo unakataa, na sijui kuueleza.*
*Baba wa Mmoja*

Baba, ngoja nikueleze mimi, maana kosa hilo nimelifanya kwa mikono yangu.

Katika darasa langu la kwanza la mchanganyiko nilikuwa na kijana kama wako. Tukampa msaidizi, mama mwema, mvumilivu kunishinda. Alikaa naye ubavuni kuanzia kengele hadi kengele. Alimfungulia kopo la rangi kabla hajaligusa. Akiulizwa jina, mama alijibu. Na watoto walipotaka kucheza naye walimwendea mama: "Anaweza kuja?" Swali hilo lilipita masikioni mwangu wiki nzima nzima, sikulitilia maanani.

Siku moja msaidizi aliugua. Nikajiandaa kwa vurugu. Wakati wa kujenga kwa vibao vya mbao, binti mmoja akamsukumia kijana kibao, akamwambia, "Weka." Akaweka. Mnara ukaporomoka, wakaangua kicheko, wakaanza upya. Ukaporomoka tena. Nilisimama na brashi mkononi nikiwatazama, rangi ikidondokea kiatuni, mpaka mtoto mwingine akanivuta sketi kuniambia.

Msaidizi aliporudi hatukumfukuza, tulimhamisha kiti. Akakaa upande wa pili wa chumba na kuwa msaidizi wa darasa zima: afunge kamba za viatu, afute pua, aamue ugomvi wa ndoo. Kwa kijana alisogea kwenye ngazi na chooni tu. Kabla muhula haujaisha, kijana alikuwa na maadui wawili na rafiki mmoja, kama mtoto yeyote.

Basi rudi kwa mwalimu mkuu, umwambie msaidizi unamtaka, lakini awe wa darasa, na aajiriwe na shule. Huombi hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 24, unasema wapate msaada wanaouhitaji ndani ya mfumo wa kawaida wa elimu, na nchi nyingi sana duniani zimeuridhia. Andika barua, ubaki na nakala. Maneno ya mdomoni hayana faili.

Kabla hajaanza, mpime macho na masikio, kwa kuwa matatizo ya viungo hivyo ni ya kawaida kwa watoto hawa, na mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Muulize daktari kuhusu shingo pia: baadhi yao viungo vya juu ya shingo hulegea, kwa hiyo mwalimu wa michezo ajue kabla hajamfundisha kupiga pindu. Na umwombe mwalimu wake akimuuliza jambo ahesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia. Wengi wao huelewa kuliko wanavyoweza kusema. Jibu liko njiani, sisi ndio tunalikata.

*Mwalimu mwenzangu, nina mtoto mwenye usonji anayepiga mayowe kila tunapotoka uwanjani kurudi darasani. Nimejaribu kumbembeleza, nimejaribu kumkaripia. Nifanyeje?*
*Nimechoka*

Pole, mwenzangu. Kukaripia achana nako leo hii. Mwonyeshe kinachofuata kabla hakijafika: picha ya uwanja, picha ya mlango, picha ya mkeka, zipangwe kwa mstari, kila hatua ikiisha ageuze picha yake mwenyewe. Chupa ya mchanga unaoshuka nayo husaidia, maana "dakika tano" kwake ni hewa tupu.

Lakini kesho simama mlangoni hapo wakiwa wanaingia, usifanye kitu, sikiliza na kunusa. Mmoja wangu alilia muhula mzima, nasi tukadhani hapendi darasa. Kilichokuwa kikimuumiza ni kengele, iliyokuwa ikimlipukia bila taarifa. Tukampa kazi ya kuipiga yeye. Aliipiga mara tatu, polepole, huku amelibana sikio moja begani, kisha akatangulia kuingia ndani.