Maswali na majibu ya sheria: Nilichukua fedha za mauzo nikiwa sijalipwa mshahara. Je, ni wizi?

SWALI: Wakili, shikamoo. Mimi ni keshia katika duka la vifaa vya ujenzi jijini Mwanza, na mshahara wangu ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Bosi hajanilipa mshahara wa Januari wala wa Februari. Mwanzoni mwa Machi mwanangu alilazwa kwa homa ya mapafu, na dawa zilitakiwa zinunuliwe siku hiyo hiyo. Nilichukua shilingi 210,000 katika mauzo ya siku, nikaandika kiasi hicho na jina langu kwenye karatasi, nikaiacha ndani ya droo ya fedha, nikikusudia kurudisha nitakapolipwa. Siku mbili baadaye bosi alikagua hesabu. Sasa anataka niandike barua ya kukiri wizi na nilipe shilingi 600,000 ndani ya siku saba, la sivyo atanipeleka polisi. Je, huu ni wizi wakati yeye mwenyewe namdai mishahara yangu? Na nikimlipa, mambo yatakuwa yamekwisha? (Keshia, Mwanza)

JIBU: Marahaba, dada, na pole kwa kuuguliwa. Nitaanza na jambo ambalo huenda hutalipenda, kwa sababu ndilo ambalo watu wengi walio katika hali yako hulikosea. Nia yako ya kurudisha fedha, hata kama ni ya kweli kabisa, haikutoi katika kosa la wizi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 258 (ninatumia namba za toleo la mwaka 2022), inasema kwamba mwizi ni mtu anayechukua mali ya mwingine kwa udanganyifu na bila madai ya haki, kisha inaorodhesha nia tano ambazo yoyote kati yake inatosha kuitwa ya udanganyifu. Ya kwanza ndiyo inayojulikana na kila mtu, yaani kukusudia kumnyang'anya mwenye mali moja kwa moja. Ya tano inahusu fedha peke yake: mtu aliyechukua fedha akikusudia kuzitumia apendavyo yeye anahesabiwa kuwa na nia ya udanganyifu, hata kama alikusudia kumlipa mwenyewe baadaye. Baiskeli uliyoichukua unaweza kuirudisha ile ile, lakini noti ulizolipia dawa zimekwenda, na utakachorudisha ni noti nyingine. Ndiyo maana neno “nilikopa tu”, ambalo nimelisikia kwa makarani na kwa watunza hazina wa vikoba mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, huwa halina nguvu mahakamani. Na kwa kuwa wewe ni mwajiriwa na fedha ni za mwajiri, shtaka litakuwa la wizi wa mtumishi chini ya kifungu cha 271, ambacho adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 10. Nasema ya juu, kwa maana hakimu halazimiki kuifikia.

Je, dhiki ni utetezi? Sehemu ya Kanuni ya Adhabu inayoeleza mazingira yanayomwondolea mtu hatia inataja mambo kama ugonjwa wa akili, umri mdogo, na kulazimishwa na mtu mwingine kwa vitisho vya kifo au madhara makubwa, lakini njaa na umaskini havimo. Mtazamo huo tuliurithi pamoja na sheria za Kiingereza. Katika kesi maarufu ya mabaharia waliomuua kijana wa chombo chao wakiwa na njaa baharini, iliyoamuliwa mwaka 1884, majaji wa Uingereza walikataa hoja ya dharura, na walikumbushana kwamba hata anayeiba chakula kwa sababu ya njaa bado anahesabiwa kuwa mwizi. Wengine wamefikiri tofauti: mwaka 2016 mahakama ya juu ya rufani ya Italia ilimfutia hatia mtu asiye na makazi aliyechukua jibini na soseji zenye thamani ya takriban euro 4 katika duka la Genoa, kwa kuwa alichukua kidogo ili kukidhi haja ya papo hapo. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa Mwanza, na hata ungemfunga, mwendesha mashtaka angekuuliza maswali mawili yenye uzito: je, ulimwomba bosi kwanza, na je, ulikwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuomba msamaha wa gharama? Kama ulifanya mojawapo ya hayo ukakataliwa, tafuta namna ya kulithibitisha tangu sasa, ikiwa ni ujumbe wa simu au jina la aliyekuhudumia.

Sasa nije kwenye swali lako la msingi, lile la deni. Kifungu cha 9 cha Kanuni hiyo kinasema kwamba mtu hawajibiki kijinai kwa kosa linalohusu mali ikiwa alitenda akiwa na madai ya haki anayoyaamini kwa dhati, bila nia ya kulaghai. Hakisemi kwamba madai hayo lazima yawe sahihi kisheria. Kinachopimwa ni kama uliamini kwa uaminifu kwamba fedha zile ni zako. Mtu anayedai shilingi 500,000 za jasho lake na kuchukua 210,000 waziwazi ana pa kusimamia. Lakini soma tena barua yako mwenyewe. Umeniambia kwamba ulikusudia kurudisha utakapolipwa. Anayechukua kilicho chake harudishi, na anayepanga kurudisha anakiri kwamba alichochukua si chake. Maelezo haya mawili, la mkopo na la haki, hayakai katika kinywa kimoja: la kwanza linakupeleka moja kwa moja kwenye ile nia ya tano ya kifungu cha 258, na la pili linaweza kukutoa. Nimewahi kuona mshtakiwa akianza na moja polisi na kuhamia jingine kizimbani, na hakimu hakuhitaji zaidi ya hapo kumwona mwongo.

Sikuambii hivyo ili uchague hadithi iliyo nzuri zaidi, na wakili anayekushauri kufanya hivyo mkimbie. Nakuambia ili ujiulize kwa makini ulikuwa na nini moyoni siku ile kabla hujatoa maelezo kwa yeyote. Inawezekana kabisa kwamba uliamini unachukua sehemu ya mshahara wako, na kwamba “kurudisha” kwako kulimaanisha kulinganisha hesabu siku ya malipo, yaani yeye akukate 210,000 na akupe 290,000 zilizobaki. Ikiwa ndivyo, sema hivyo, kwa maneno hayo hayo, tangu mwanzo.

Hapo ndipo ile karatasi ya kwenye droo inapopata thamani kuliko kitu kingine chochote ulicho nacho. Anayelaghai huficha: hupunguza risiti, hubadilisha tarakimu katika daftari la mauzo, au humsingizia mteja. Wewe uliandika jina na kiasi na kuviacha mahali ambapo mwenye duka angeviona. Karatasi iko wapi leo? Kama anayo bosi, na uliipiga picha, itunze. Kama hukuipiga, andika sasa hivi ilisemaje, uliiweka saa ngapi, na nani alikuwepo. Yaliyoandikwa humo yana maana pia, kwani “nimechukua katika mshahara wangu” si sawa na “nimeazima”.

Kuhusu barua ya kukiri, usiandike neno “nimeiba” kwa kuamriwa na mtu, kwa sababu barua ya namna hiyo ndiyo itakayokuwa kielelezo cha kwanza dhidi yako. Unaweza kuandika ukweli wa tukio bila kujipa jina la kosa: tarehe, kiasi, sababu, mishahara unayodai, na kwamba uko tayari hesabu zifanyike. Kabla ya kuandika, mwone wakili, au mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ikiwa huna uwezo wa kulipa.

Zile shilingi 600,000 hazina msingi wowote ninaouona. Mwajiri ana haki ya kudai hasara yake halisi. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 anaweza kukata hasara katika mshahara baada ya kukueleza kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, kukupa nafasi ya kupinga, na bila kuzidisha robo ya ujira wako wa fedha. Kudai karibu mara tatu ya kilichopotea kama bei ya kutokwenda polisi ni jambo jingine kabisa, na linaweza kumtia yeye hatiani, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu inakataza kupokea manufaa kwa makubaliano ya kuficha kosa kubwa la jinai au kuacha kulishtaki.

Wala malipo hayafuti kesi yakishatolewa maelezo polisi. Watu husema “mlalamikaji amefuta kesi”, lakini kesi ya jinai ni ya Jamhuri, na mwenye mamlaka ya kuiondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka kupitia waendesha mashtaka wake. Kulipa mapema husaidia kwa njia nyingine: humfanya mwendesha mashtaka aone kama kuna haja ya kuendelea, hufungua mlango wa makubaliano ya kukiri kosa yaliyoingizwa katika sheria zetu mwaka 2019, na hupunguza adhabu. Hapo kwenye adhabu ndipo dhiki, iliyofungiwa mlango katika hatia, inapokaribishwa kwa haki. Hata Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963, iliyowapa wezi wa aina fulani angalau miaka 2 na viboko 24, ilimwachia hakimu nafasi kwa mkosaji wa mara ya kwanza ambaye mali aliyoichukua haikuzidi shilingi 100 na aliyekuwa na mazingira ya pekee. Leo hakimu anaweza kukuachia kwa masharti, kuamuru ulipe fidia, au kukupa kazi za huduma kwa jamii badala ya kifungo kisichozidi miaka mitatu.

Nahisi pia kwamba unajiuliza kama wewe ni mtu mbaya. Mithali sura ya 6 inasema watu hawamdharau aibaye kwa njaa, na papo hapo inasema akipatikana atalipa. Na Khalifa Umar, katika mwaka wa njaa kuu ya Madina, alisimamisha adhabu ya kukata mkono bila kutangaza kwamba wizi umekuwa halali. Mimi naona ulifanya kosa dogo ndani ya kosa kubwa alilokutendea bosi kwa miezi miwili, lakini maoni yangu hayo hayatakusaidia mbele ya hakimu.

Kitakachokusaidia ni kudai mishahara yako kwa njia iliyo wazi, na muda unakimbia. Mgogoro wa mshahara hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Ikiwa Januari ilipaswa kulipwa mwisho wa mwezi huo, siku hizo zinakwisha mwanzoni mwa Aprili. Chukua fomu ya CMA namba 1 katika ofisi ya Tume hapo Mwanza, ijaze kwa mishahara yote miwili, mpelekee mwajiri nakala na umwombe asaini kuwa ameipokea, kisha uiwasilishe. Akikufukuza kazi katikati ya hayo bila kukuita kwenye kikao cha nidhamu na kukusikiliza, hilo ni dai jingine, na muda wake ni mfupi zaidi: siku 30.