Hard Times kwa Kihindi: hamishia Kanpur

Ndugu, umeuliza mkiigiza Hard Times, riwaya ya Dickens, kwa watu wanaoongea Kihindi mbakize Coketown, ule mji wa viwanda wa kwenye riwaya, na majina ya Kiingereza ama mhamishe yote. Hamisha! Peleka Kanpur kule India, ya miaka ya 1930, mji wa viwanda vya nguo na moshi kweli kweli, na mgomo mkubwa wa 1938 unakupa ule mkutano wa wafanyakazi wa kwenye riwaya bila kubuni kitu.

Ila hapa kwa Stephen, yule mfanyakazi wa kiwandani, kuwa makini sana, shida yake ni kwamba hawezi kumwacha mke mlevi, sasa kule kabla ya sheria ya ndoa za Wahindu ya 1955 mwanaume Mhindu aliruhusiwa kuongeza mke wa pili kwa hiyo kifungo chake hakitabana, mtazamaji atakuuliza si aoe tu. Geuza, Rachael, mwanamke anayependwa na Stephen, ndo awe amefungwa kwa mume mlevi, maana talaka kwa Wahindu nchi nzima ilikuja na sheria hiyohiyo ya 1955. Itauma zaidi, naamini kabisa.

Sarakasi ya Sleary ifanye kundi la nautanki, yaani maigizo ya nyimbo ya kienyeji ya India kaskazini, Kanpur ina mtindo wake kabisa, na ngoma za nagara zipigwe laivu, msiweke rekodi jamani. Gradgrind, yule baba anayejali ukweli mtupu tu, aongee maneno makavu, asiimbe hata mstari mmoja mpaka binti yake Louisa aanguke mbele yake.