Feni ya Kasha: Pini Tatu au Nne?

SWALI: Feni ya nyuma ya kasha la kompyuta yangu imeanza kukwaruza. Ina milimita 120 na pini tatu, lakini soketi ya ubao mama ina pini nne. Je, ninunue ya pini nne? Na yenye kasi zaidi ndiyo bora?

JIBU: Ndiyo, nunua ya pini nne, ila kwanza pima kasha lenyewe. Kutoka katikati ya tundu moja la skrubu hadi lingine iwe milimita 105. Ukipata 124.5, nafasi hiyo ni ya feni ya 140.

Feni ya pini tatu hupunguzwa kasi kwa kushushiwa volti, na zikishuka mno mota hushindwa kuanza. Ya pini nne hupata volti 12 muda wote. Amri ya kasi hupitia pini ya nne, hivyo huweza kwenda polepole bila kukwama. Ya pini tatu huingia vizuri kwenye soketi ya pini nne, lakini BIOS (programu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta) ikiwa imewekwa PWM, yaani kudhibiti kwa pini ya nne, badala ya DC, yaani kudhibiti kwa volti, itazunguka kwa kasi yote. Wengi huitupa wakidhani ni mbovu, kumbe ni mpangilio tu. Inasikitisha.

Kuhusu kasi, hapana. Ukiiongeza maradufu, hewa nayo huongezeka takriban maradufu, lakini kelele hupanda karibu desibeli 15, na hizo ni nyingi mno kwa sikio. Mizunguko 1,200 hadi 1,500 kwa dakika inatosha nyuma ya kasha la kawaida. Hapo hewa haina kizuizi kikubwa, kwa hiyo chagua feni inayopitisha hewa nyingi. Zile za msukumo mkubwa zinafaa mbele, kwenye chujio la vumbi au rejeta ya kupoza kwa maji.

Mkwaruzo wako huenda unatokana na beringi iliyokaukiwa mafuta. Beringi rahisi za bushi huchakaa mapema, hasa feni ikilazwa juu ya kasha. Ongeza pesa kidogo upate beringi ya mafuta yaliyofungiwa ndani.

Unapofunga, upande wenye mikono inayoshika mota, ambako kwa kawaida kuna lebo, ndiko hewa inakotokea, kwa hiyo uelekee nje. Iwashe, kisha shika kipande cha karatasi nyepesi nyuma ya kasha: kikivutwa ndani, umeifunga kinyume.